Gauni la Zamani la Shamila

Jumamosi, 10 Januari

Umeme umekatika tena. Mvua ikigusa mtaa wetu wa Mkonze hapa Dodoma tu, taa zinazima. Cherehani yangu ni ya mota, ikinyamaza nami nabaki nimekaa kama mfiwa. Leo nimesema basi, badala ya kuitazama mvua nitaandika, angalau nijue siku zangu zinakwenda wapi.

La leo ni Salma. Ni mdogo wangu wa mwisho, mama alipofariki nikabaki naye mimi, na baada ya Idi anaolewa na Khalidi, kijana wa kwetu Kondoa anayefunga nyaya kwenye ujenzi kule Msalato. Gauni la harusi nashona mimi. Nani mwingine? Leo lesi imefika, nyeupe, nzito, lesi ya kukatwa kwa bismillahi. Nikamwita nimpime. Salma ana mwili, alhamdulillahi, kifua kipo, nyonga zipo, na Khalidi alipoleta posa alikuwa na macho yake yote mawili.

Namaliza kupima, ananiambia, "Dada, hivyo vipimo vipunguze. Kiunoni bana."

"Nibane nini? Mwili si huu hapa?"

"Huu utakuwa umeondoka."

Umeondoka umekwenda wapi, Yarabi? Akanipa simu. Shamila, yule mwigizaji ambaye tamthilia yake ikianza mtaa mzima unanyamaza, kashika kikombe cha kitu cha kijani. Anasema alikuwa pipa, na sasa mtazameni. Dawa yenyewe ni unga, unaitwa Nyepesi. Unakoroga asubuhi, unakoroga jioni, katikati unakunywa maji na kumwomba Mungu. Sidonia, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ndiye wakala wake hapa mtaani, na Salma ameshachukua kopo.

Nimeandika vipimo vya aina mbili, vya mwili uliopo na vya mwili unaokuja. Sijui nikate kwa vipi.

Jumanne, 13 Januari

Mvua. Umeme hakuna. Lesi sijaigusa.

Jumatatu, 19 Januari

Haya sasa ni maajabu. Wanawake wananiletea nguo nizibane, na nguo zenyewe zinawatosha sawasawa. Mwalimu mmoja nilimwambia, "Mwalimu, nikibana hapa hutapumua." Akasema atavaa mwezi wa pili, Shamila anakuja Dodoma kwenye tamasha la Nyepesi, na hapo atakuwa ameshapungua. Nguo ya mtoto ambaye hajazaliwa nimewahi kushona, maana mtoto atakuja. Nguo ya kiuno ambacho hakijazaliwa sijawahi.

Nimebana zote. Kazi ni kazi.

Mimi mwenyewe ni mwembamba tangu utotoni. Bibi aliniita ufito, na siku zote nilikuwa namwonea Salma wivu wa mwili wake. Leo nimeambiwa na Sidonia kwamba nina bahati. Miaka arobaini na kitu nasikitikiwa, kumbe nilikuwa na bahati! Wangeniambia mapema.

Ijumaa, 23 Januari

Salma amefunga. Anasema ni Shaabani, analipa siku anazodaiwa za Ramadhani iliyopita. Huyu Salma, ambaye kila mwaka hulipa deni lake siku za mwisho huku ananuna! Nimefurahi, machozi yamenilengalenga. Kwenye darasa la dini la akina mama niliwaambia wote, na mwalimu wetu akamwombea dua ndoa yake iwe na kheri.

Jumanne, 27 Januari

Kaja kijana mmoja kavaa viatu vyeupe, na matope haya. Anaitwa Ulimboka, katokea Dar es Salaam, anasema anasimamia wasanii. Anataka gauni la kitenge, pana.

"Pana kiasi gani? Mwenyewe yuko wapi nimpime?"

"Hapimwi, fundi. Ni la maigizo. Wewe tengeneza pana, hata mkiingia wawili mtoshe."

Kisha akasema la ajabu: gauni liwe limechakaa. Jipya hataki. Nilifue mara nyingi, nilianike juani, halafu nilivae mimi mwenyewe nikipikia, lipate harufu ya jiko na liwe na hali ya kuvaliwa. Miaka yote ya ushonaji watu wanaomba nguo iliyozeeka ionekane mpya. Huyu anataka jipya lizeeke, tena haraka! Nilicheka hadi cherehani ikasimama. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 29 Januari

Nimeikata lesi ya Salma. Nilipanga kukata kwa vile vipimo vyembamba, mkono ukakataa. Lesi ikishakatwa hairudi. Nimekata kwa mwili uliopo, kilichozidi nimekikunja ndani ya mshono na kukifunika na bitana. Kwa nje linaonekana jembamba kama anavyotaka.

Jumapili, 1 Februari

Siku ya ngapi sijui napika nimevaa lile gauni la maigizo. Nimelikaza kiunoni kwa kanga, maana mimi na ufito wangu naogelea humo. Salma akiniona anacheka mpaka anashika ukuta, na mimi nafurahi, siku hizi hacheki sana.

Leo tulikuwa na kuku. Salma, na funga yake, alikuwa ananisaidia kupakua. Kaniletea bakuli la mchuzi, na mikono ikawa inatetemeka, mara bakuli likainama lote kifuani kwangu. Mchuzi una binzari, na binzari mtu akikuambia inatoka, kakudanganya. Doa kubwa la manjano, upande wa kushoto, umbo lake kama sikio.

"Nisamehe dada, nimeona giza ghafla."

Nikamwambia ni funga, jioni anywe uji wa kutosha. Doa nimelifua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa jua. Limekaa. Nikampigia Ulimboka kumwomba radhi, akasema, "Safi sana, fundi, usilitoe!" Sijaelewa watu wa maigizo.

Jumatano, 4 Februari

Nimekasirika, kalamu inatoboa karatasi.

Mimi na Salma tunalala chumba kimoja tangu mume wangu alipotangulia. Siku zake nazijua. Zimefika tangu juzi, na leo nikimkaribisha chai ananijibu, "Nimefunga, dada." Nikaweka kikombe chini. Mwanamke akiwa katika hali hiyo hafungi, mtoto wa madrasa anajua.

"Salma. Umefunga nini?"

Akajifanya anakunja shuka. Nikarudia. Akasema, "Nimefunga tu."

Ndipo akanieleza. Hakuwa analipa kitu. Aliona akisema anajipunguza nitamlazimisha kula, akisema amefunga hakuna wa kumgusa. Na jioni, nilipodhani anafuturu, alikuwa anakoroga ule unga wa kijani anaumwaga tumboni na kulala.

"Astaghafirullahi! Unamsingizia Mungu?"

"Sijamsingizia. Sikusema namfungia nani."

Mh! Eti hakusema! Na mimi nimesimama mbele ya akina mama nikamsifu, na mwalimu kaomba dua! Ile dua sasa imekwenda wapi? Nilimwambia maneno makali. Akalia, akasema, "Wewe hujui, dada. Wewe hujawahi kuwa mkubwa." Hilo kweli silijui, na ndilo linaloniudhi zaidi.

Ijumaa, 13 Februari

Naandika na bado siamini.

Mchana lilisimama gari la vioo vyeusi nje, na akashuka Ulimboka kuchukua gauni lake. Nyuma yake akashuka mwanamke kajifunga mtandio hadi puani. Zipu ya gauni lake jekundu ilikuwa imekatika, anataka nimbadilishie hapo hapo. Alipovua mtandio nikamjua. Shamila! Mwenyewe! Kwenye kigoda changu!

"Shikamoo mama," akasema.

Nikaitika marahaba, ingawa nilitaka kumwambia mimi si mkubwa hivyo. Ni mzuri kuliko kwenye simu, ila shingo imechongoka na mikono ina baridi. Ulimboka alitoka nje kupiga simu zake. Nikiwa nafumua zipu, Shamila akalichukua lile gauni pana, akalikunjua, akalipima kwa macho huku na huku.

Nikamuuliza, "Ni la igizo gani hilo?"

"La kesho, mama. Hili ndilo gauni langu la zamani."

"La zamani? Nimelishona mwezi uliopita."

Akatabasamu kidogo. "Nilikuwa mnene kweli, msidhani natunga. Nilipojifungua nilinenepa, watu walinitukana mtandaoni hadi nikaogopa kutoka. Gauni lenyewe nilimpa dada aliyekuwa ananisaidia kazi. Nani angejua litahitajika?"

"Lilikuwa na upana huu?"

Akaingiza mkono ndani, mkono ukapotea. "Ulimboka anasema wa nyuma kabisa wasipoona tofauti hawanunui."

Hapo nilishindwa. Ni uongo? Alikuwa mnene kweli. Ni kweli? Gauni si lake. Nikiwa bado nawaza, sufuria ya mlenda wa karanga ikaanza kuchemka, nikainuka kuifunika.

"Usifunike, mama," akasema. "Acha ninuse."

Nikamwambia ngoja nikupakulie, na ugali wa uwele upo, bado wa moto. Akatikisa kichwa. Haruhusiwi mpaka tamasha liishe, kamera zinaongeza mwili. Akakaa pale, macho kafumba, ananusa, hadi nikamaliza zipu. Nilimhurumia, na nikajikasirikia kwa kumhurumia.

Salma alikuwa mjini kusukwa. Aliporudi nikamwambia Shamila alikuwa hapa.

"Shamila? Kwenye matope haya?"

"Alikaa kwenye kigoda hicho. Gauni nililokuwa napikia ni lake, la kudanganyia watu kesho."

Akakitazama kigoda. Kisha akanitazama mimi, na sura yake ikabadilika. "Dada, kama hutaki nipungue, sema hutaki. Usinitungie."

Jumamosi, 14 Februari

Nimekwenda tamashani kwa sababu moja tu, Salma aone kwa macho yake.

Uwanja ulijaa. Sidonia na kundi lake walivaa fulana za kijani. Tulisukumana hadi mbele, Shamila akapanda jukwaani na gauni jekundu, zipu yangu imekaa vizuri, nilikagua. Vigelegele! Kisha Ulimboka akamletea lile pana. Akalinyanyua juu kwa mikono miwili, na watu wakapiga kelele.

"Mnaliona doa hili?" Shamila akasema. "Siku hiyo nilijifungia jikoni nikala sufuria zima, peke yangu, nikilia, nikajimwagia mchuzi hapa, moyoni. Sikulifua. Nililiweka linikumbushe nilikotoka."

Na akalia. Machozi ya kweli, nilikuwa karibu, nimeyaona yakishuka. Wanawake wakalia naye. Nikageuka, Salma analia kuliko wote.

"Salma! Hilo doa ni lako! Umemwaga wewe, Jumapili ile!"

"Nyamaza dada, watu wanasikia."

"Kitenge si kile kile?"

"Vitenge vya hivyo vimejaa madukani."

"Na binzari?"

"Kila mtu anapika na binzari!"

Jamani. Doa kalimwaga mwenyewe, gauni kaliona wiki nzima nyumbani kwake, kalicheka mpaka kashika ukuta. Na sasa analililia! Kwa kweli nilisimama pale, jua linaniwakia, nikajiuliza kama ni mimi niliyelishona au nimeota. Nikaangalia pindo. Ni mkono wangu. Lakini ukiwa wewe peke yako ndiye unayeona kitu, na uwanja mzima unaona kingine, unaanza kuyashuku macho yako.

Jumatano, 18 Februari

Mwezi umeandama. Sidonia naye kaja na jivu kwenye paji la uso, kwao Kwaresima imeanza leo hii hii. Mji mzima umefunga. Nani anamfungia Mungu na nani anafungia kiuno, hesabu hiyo simo.

Salma ameshika funga ya kweli sasa, na jioni anashika kopo. Nimemwambia funga bila futari ni kujiua. Ananijibu harusi ni mwezi ujao.

Jumanne, 24 Februari

Mvua kubwa. "Bana tena, dada." Nimekunja tena, ndani.

Jumamosi, 28 Februari

Usiku umekwenda lakini niandike, vinginevyo sitalala.

Leo walikuja shangazi zake Khalidi kutoka Kondoa, wawili, kufuturu na kumwona bibi harusi. Nilipika tangu mchana: uji, tambi, maharage ya nazi, kuku. Salma kajifunika mtandio mkubwa, nami nikaomba Mungu wasimtazame sana. Lakini shangazi mkubwa si mtu wa kutazama nguo. Akamshika kifundo cha mkono, akakizungusha kwa vidole viwili, vidole vikakutana na nafasi ikabaki.

"Mwanangu, unaumwa nini?"

"Siumwi, shangazi. Najipunguza."

"Unajipunguza? Nani kakwambia umezidi?"

Salma akavuta mtandio ufunike mkono. Wale wakaanza kusemezana Kirangi mbele yangu, kana kwamba mimi nimezaliwa Mbeya. Nilisikia kila neno, na walitaka nisikie: kwamba mtu hakondi hivi bila sababu, na sababu wanaijua, na mtoto wao ni mmoja. Kisha wakarudi kwenye Kiswahili cha adabu.

"Mwanne," shangazi akaniambia, "sisi tuliposa binti mwenye afya. Kama kuna jambo, lisemwe sasa. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Hakuna maradhi, shangazi. Ni unga. Kuna mwigizaji kwenye simu..."

"Mwigizaji," akasema, taratibu, na mwenzake akatazama pembeni.

Utaelezaje? Nilianza na Shamila, nikafika kwenye kopo, nikafika kwenye gauni la zamani ambalo ni jipya, na kila nilivyoeleza nilizidi kuonekana mwongo. Kwao Kondoa mtu hapungui kwa kutaka. Mtu anapungua kwa njaa, kwa huzuni, au kwa ule ugonjwa ambao hawautaji. Hadi mwanzoni mwa mwaka huu mimi mwenyewe nilikuwa naamini hivyo hivyo.

Salma akainuka akachukue chai. Hakufika nayo. Alianguka katikati ya sinia na mlango, kimya, bila hata kulalamika, na birika likamwagika kando yake, namshukuru Mungu si juu yake.

Nilipiga yowe. Aliyeingia wa kwanza ni Sidonia. Sidonia huyo huyo ambaye wiki nzima nilikuwa namwandalia matusi! Kamwinua Salma mgongoni kama mtoto, katoka naye kwenye matope bila viatu hadi barabarani, kasimamisha bajaji kwa kusimama mbele yake. Njiani alikuwa analia, "Mama yangu, mimi niliambiwa ni majani tu. Nami nakunywa. Niliambiwa ni majani tu." Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Nilimshika mkono.

Jumapili, 1 Machi

Salma yuko hai. Sukari ilishuka, damu imepungua. Daktari, msichana mdogo tu, kasema, "Ale. Ramadhani au si Ramadhani, ale mchana na usiku hadi nimwone tena." Dini inampa ruhusa, atalipa baadaye, safari hii kwa kweli. Wamempima kila kitu, na hana maradhi yoyote.

Niliwapigia shangazi majibu. Mkubwa akasema, "Alhamdulillahi. Majibu tumeyasikia. Baada ya Idi tutakuja kumwona kwa macho. Akiwa vile vile, tutazungumza upya." Akufukuzaye hakwambii toka.

Alhamisi, 5 Machi

Salma hali kitu. Nikimpelekea uji mchana ananiambia amefunga. Nikimpelekea usiku ananiambia ameshiba. Kopo nimelitupa chooni. Amepata jingine, sijui wapi. Sidonia anaapa si kwake, la kwake kaliacha.

Jumatatu, 9 Machi

Khalidi kaja kutoka kazini, kavaa kofia yake ya ujenzi, kakaa mlangoni kwa heshima. Salma hakutaka kutoka, alikaa nyuma ya pazia, kivuli chake tunakiona.

"Dada," Khalidi akaniambia, "hebu nisaidie. Nimekosa nini?"

"Anasema uliweka moyo kwenye picha ya Shamila mtandaoni."

Akavua kofia. "Nilibonyeza? Kazini kila mtu alikuwa anabonyeza. Hata sikumbuki alivaa nini."

Nyuma ya pazia: "Mwongo!"

"Wallahi, Salma. Mimi nilimposa yule anayecheka mpaka anashika ukuta. Huyu wa sasa nampenda pia, ila naogopa kumgusa asivunjike." Akanigeukia mimi. "Shangazi wamekaza. Mimi nimesema nasubiri. Lakini nasubiri nini, dada? Apungue au aongezeke? Mbona sielewi?"

Nikamwambia tuko wengi. Alipoondoka nilitegemea Salma atatoka. Hakutoka. Yaani moyo mmoja, wa kubonyeza kwa kidole, ndio uliotufikisha hapa.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua imekatika tangu jana, na umeme upo, lakini leo sikushona. Nataka kuliandika hili lilivyokuwa.

Asubuhi nilimtandikia Salma mkeka dukani, nimwone karibu. Alikuwa amelala kajifunika shuka, mtu akiingia anadhani ni fungu la vitambaa. Mimi nimefunga, nimempikia mlenda na ugali mdogo, umewekwa hapo jikoni, lakini yeye amegeukia ukuta.

Saa sita hivi akaingia Ulimboka na mfuko. Viatu vyeupe vile vile, sijui anavifua na nini.

"Fundi wangu! Lile gauni la Shamila limefanya kazi, usiambiwe. Baada ya sikukuu tunakwenda Singida, uwanja wa kule ni mkubwa zaidi. Ongeza ubavuni, huku na huku."

Nikasema kwa sauti, nikitazama mkeka, "Kitenge hiki kimekwisha madukani. Lilikuwa pande moja, nililikata mwenyewe."

"Basi unganisha chochote, watu hawaangalii. Na lile doa, tafadhali, usiliguse. Sijui ulimwaga nini pale, lakini ndilo linalomliza Shamila. Bila doa hatoi hata chozi."

Akaweka mfuko mezani, akaaga, akaondoka. Hakumwona hata kidogo mtu aliyelala pale chini.

Nilisubiri. Kisha Salma akakaa, polepole, akaegemea ukuta, akanyoosha mkono. Nikampa mfuko. Akalitoa gauni, likamjaa mapajani likamwagika hadi sakafuni, akalitafuta upande wa kushoto. Akalipata. Akaweka kidole gumba juu ya doa, akalifuata ukingo wake wote, kama sikio.

"Niliona giza," akasema. "Ndiyo maana nikamwaga."

"Najua."

"Pale uwanjani nilijua, dada. Nilijua ni hili. Nililia kwa sababu nilijua." Akavuta pumzi. "Nikasema nikikubali, basi njaa yote ile nilishindia nini?"

Nilikaa naye kwenye mkeka, nikamshika mguu, baridi kama chuma cha cherehani. Hasira ya miezi yote ikashindwa kutoka. Nililia tu, naye akalia, gauni la Shamila likawa kitambaa chetu.

Baadaye akajifuta. "Lete lile langu."

Nikalitoa kabatini. Akaligeuza, akakipima kiuno kwa macho. "Shangazi wakija baada ya Idi na mimi nimerudi, halitaingia. Umeshaikata lesi. Nimekuharibia."

Nikachukua kiwembe, nikafumua bitana kidogo ubavuni, nikamwonyesha. Lesi yote ilikuwa mle, kunjo juu ya kunjo, haijapungua hata kipande.

Akaivuta kunjo moja kwa kidole. "Ulijua?"

"Nilijua wapi? Niliogopa mkasi."

Akacheka. Kicheko kidogo, kikavu, lakini alishika ukuta. "Fungua," akasema. "Yote."

Gauni la Shamila bado liko mezani, na sijui nilifanyeje. Nikiongeza nawadanganya wa Singida. Nisipoongeza ataongeza fundi mwingine. Nami namkumbuka yule mwanamke kwenye kigoda, macho kafumba. Nitalifikiria kesho.

Salma aliniomba nimsogezee chakula. Adhuhuri, Ramadhani, jua kali, mtaa mzima umefunga. Akavunja tonge la ugali, akalichovya kwenye mlenda, akala. Akavunja la pili. Harufu ya karanga ikanijaa puani, na mimi tumbo tupu tangu daku, nikaona funga yangu itaniponyoka. Nikanyoosha mkono nifunike sufuria.

"Usifunike," Salma akasema, mdomo umejaa. "Bado sijashiba."

Nikaurudisha chini mfuniko.